MSAFIRI ALIYEPOTEA NJIA UGENINI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.



Butembo na Beni ni miji ya watu wa safari. Hapa kwetu kuna mama asiyejua kusoma vizuri lakini amekwisha kufika Kampala mara 20, na kuna kijana aliyeiona Guangzhou kabla hajaiona Kinshasa. Tangu Goma iliposhikwa na M23 mwezi wa Januari 2025, wengi wetu tukitaka kutoka nje tunashuka Kasindi, tunavuka Mpondwe, na ndani ya Uganda ndiko tunakotafuta basi la mbele au ndege ya Entebbe.

Safari hizo tunaziandaa kwa upande wa mali. Tunahesabu dolari, tunashona mfuko wa ndani, tunaaga wazee, tunaombewa dua. Iko siku moja tu ambayo hatuiandai: siku utakaposimama katika mji wa watu, hujui hoteli yako iko upande gani, telefone imezimika, na lugha wanayosema huisikii. Somo letu la leo ni juu ya siku hiyo.

Msidhani ni jambo la kuchekesha. Mfanya biashara wa kwetu mara nyingi hasafiri na pesa yake peke yake. Amebeba ya shemeji, amebeba ya jirani, amebeba ya mama wawili wa sokoni waliomwambia awaletee na wao vitenge. Akipotea nusu siku na kuangukia mikononi mwa mtu mbaya, amana za nyumba tano zimekwenda pamoja naye. Na amana ataulizwa duniani na akhera.

Adui wa kwanza wa aliyepotea si mwizi. Ni aibu. Mtu mzima, nyumbani anaitwa papa, ana duka, ana wajukuu, ataanzaje kuuliza njia kama mtoto aliyetumwa chumvi? Basi anatembea haraka haraka kama mtu anayejua aendako. Kila kona anasema moyoni, "Itakuwa ile mbele." Kila kona inamtupa mbali zaidi, na wale wanaokaa barabarani kuwinda wageni wanamtambua kwa mwendo huo huo.

Jueni kwamba ugeni uliwaliza hata wakubwa wa safari. Ibn Battuta alipotoka kwao Tanja mwaka 1325 alikuwa kijana wa miaka 21. Alipofika Tunis na kafila yake, watu wa mji walitoka kuwapokea, kila mmoja akasalimiana na anayemjua, na yeye hakuna aliyemsalimu. Akalia machozi mbele ya watu, mpaka mwenzake mmoja katika mahujaji akamsogelea na kumsemesha. Huyo ndiye aliyekuja kufika Mombasa na Kilwa, na India, na China. Hakuficha machozi yale. Aliyasimulia mwenyewe katika uzee wake.

Kwa hiyo ukijua umepotea, simama. Jambo la kwanza ni hilo. Sogea ukutani au mlangoni mwa duka, shika mfuko wako, vuta pumzi, sema Bismillah. Usiondoke hapo mpaka umejua unamwendea nani.

Tazameni Nabii Musa (a.s.), kisa chake kimo katika Suratul Qasas. Alitoka Misri na khofu, bila mwenzake na bila kiongozi wa njia. Akaelekeza uso upande wa Madyan na kumwomba Mola wake amwonyeshe njia iliyo sawa. Alipofika hakujificha porini, wala hakuzunguka nyumba za watu usiku. Alikwenda kisimani, mahali ambapo kila mwenyeji ana sababu ya kufika. Hapo akawaona wanawake wawili wanangoja nyuma ya wachungaji, akawanyweshea wanyama wao, kisha akarudi kivulini na kumwambia Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Alipoitwa nyumbani kwa baba yao (wengi husema ni Nabii Shuaib, ingawa Qur'ani haikumtaja jina) alimsimulia mzee yule habari yake yote, hata kwamba ametoroka. Mzee akamtuliza asiogope. Uangalieni mpangilio wake: mahali penye watu, kivuli, dua, kisha ukweli mbele ya mtu mwenye makao.

Kisima cha leo ni nini? Ni msikiti. Ni duka ambalo mwenyewe yumo ndani. Ni mapokezi ya hoteli yoyote kubwa, hata kama hukulala hapo. Ni benki yenye mlinzi, ni hospitali, ni kituo cha polisi. Na kanuni yake ni hii: wewe ndiye umchague wa kumuuliza, usimwache anayekujia akuchague wewe. Mwenye duka ana makao. Kesho atakuwa pale pale, na ukidhurika watu wanajua pa kumtafuta. Lakini yule aliyekuona unaangaza macho akakujia na kusema, "Weye ni mu-Congo? Mimi pia wa kwetu. Kuya nikupeleke," huenda ni ndugu wa kweli, maana wema wapo wengi, ila nyumba yake huijui. Mshukuru kwa upole, mwambie unamngoja mwenzako, ingia dukani.

Namna ya kuuliza nayo ina elimu yake. Usimuulize mtu, "Njia ya kwenda stendi ni hii?" Katika nchi nyingi mwenye adabu atajibu ndiyo ili asikuvunje moyo. Uliza, "Stendi iko wapi?" halafu nyamaza, umwache anyooshe mkono mwenyewe. Ukitembea kidogo, muulize wa pili. Mikono miwili ikielekea upande mmoja, nenda.

Wengine wanasema, "Mimi nitamuuliza Muislamu tu." Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka kwenda Madina pamoja na Abu Bakr (r.a.), waliyemwajiri awaonyeshe njia ni Abdullah bin Urayqit, naye wakati huo hakuwa Muislamu. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana naye awakute kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu, na aliwafikia kama walivyoagana. Walitazama mambo mawili kwake: anaijua njia, na ni mwaminifu. Basi polisi Mkristo au Mhindu mwenye duka anaweza kuwa sababu yako ya kuokoka. Na Muislamu mwenye kanzu nyeupe anayetaka kukushikia paspoti yako, mkatalie vile vile.

KAMPALA, DUBAI, GUANGZHOU

Tuanze na karibu. Ukivuka Mpondwe, kwanza geuza saa yako: Uganda wako mbele yetu kwa saa moja. Wako wanaokosa basi kila wiki kwa sababu hiyo tu. Bwera mpaka Kasese hupotei kwa lugha, maana Lukonzo yao na Kinande chetu vinasikilizana. Kampala ni habari nyingine. Pale penye Old Taxi Park na New Taxi Park, magari meupe yenye mstari wa buluu yamejaa na yote yanafanana, na ukiingia vichochoro vya Kikuubo au soko la Owino unatokea upande usioutazamia. Kumbuka pia kwamba kule wakisema taksi wanataka kusema minibasi. Lakini Kampala ni mji wa vilima. Inua macho utafute mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala, uliofunguliwa mwaka 2008. Wenyeji wengi wanauita Gaddafi, kwa jina la aliyegharamia ujenzi. Hauko mbali na stendi hizo, na hata asiyesikia Kiswahili ukimwambia "Gaddafi mosque" anakuonyesha.

Na Kiswahili chenyewe, kitumieni kwa salamu kwanza. Wazee wa Kiganda wengine wanakumbuka enzi za Idi Amin, kilipokuwa lugha ya askari anayegonga mlango. Sema "ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke, tabasamu, kisha uliza. Namba ya polisi ni 999 au 112. Ubalozi wetu uko mtaa wa Kololo.

Dubai ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyoiogopa. Wengi wetu hufikia Deira, upande wa Naif na Baniyas. Kila jengo lina kibao mlangoni chenye namba ya tarakimu 10, wao wanaiita Makani. Siku ya kwanza, kabla hujatoka kwenda kutazama bidhaa, iandike namba ya hoteli yako. Polisi au dereva akiipata tu anajua mlango wako. Misikiti ni mingi, hutembei dakika nyingi bila kuukuta mmoja. Polisi ni 999. Ubalozi wetu uko Abu Dhabi.

Guangzhou ndiko mahali pa kujiandaa sana. Dereva wa taksi wa kule hasomi herufi zetu. Ukimwonyesha jina la hoteli uliloandika kwa mkono wako ni kama umemwonyesha nyayo za kuku. Chukua kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kichina, moja mfukoni, moja katika kiatu au kofia. WhatsApp na Google hazifunguki kule kwa mtandao wa kawaida, kwa hiyo anayetegemea kupiga nyumbani kwa WhatsApp atajikuta bubu. Wekeni WeChat hapa hapa Butembo, na mtu wa nyumbani awe nayo pia. Sheria yao inamtaka mgeni atembee na paspoti yake. Basi fotokopi ibaki hotelini na nyingine nyumbani kwako. Polisi ni 110. Ubalozi uko Beijing, mbali kama kilometa 2,000, usiutegemee kwa saa ile.

Misikiti iko. Ule wa Huaisheng ni katika misikiti ya zamani kabisa ya China, na mnara wake zamani ulikuwa ukiwashwa taa kuwaongoza mabaharia. Upo na mwingine karibu na stesheni kuu ya treni, penye kaburi linalosemwa kuwa ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria hawakubali habari ya kaburi hilo, lakini Waafrika wanaosali hapo Ijumaa ni wa kweli, na ukifika umekwisha kupatikana.

Jambo moja la nchi zote hizo: namba ya simu ya nyumbani iandike ikianza na +243. Ile inayoanza na sifuri tuliyoizoea haitoki nje ya nchi. Mtu amepewa simu na msamaria, anapiga mara kumi haiingii, analia, na kosa ni sifuri moja. Na iandike kwenye karatasi, siyo katika telefone peke yake. Telefone ikifa inakufa na namba zake.

MAKKA NA MINA

Wazee wetu wanaokwenda kuhiji ndio wanaopotea zaidi, maana kule hata mwenzako humtambui: wanaume wote wamevaa nguo moja nyeupe. Katika Haram milango ina namba. Mlango wa Mfalme Abdulaziz ni namba 1, wa Mfalme Fahd ni namba 79. Kila kikundi kichague mlango mmoja kikifika, na kisibadilishe. Ule mnara wa saa wenye urefu wa mita 601 unaonekana mbali sana, lakini utakurudisha Haram tu, hautakurudisha kwenye nyumba yenu.

Mina ni ngumu zaidi. Mahema yanapita 100,000, yote meupe, yote sawa. Usiseme, "Letu liko karibu na bomba la maji." Mabomba yamejaa. Shika kichwani namba ya maktab na namba ya njia. Bangili na kadi mliyopewa visivuliwe hata wakati wa kuoga. Ukipotea tafuta vijana wa skauti wa Saudia, wanasimama na ramani, kazi yao ndiyo hiyo. Na ukijikuta katika msongamano wa watu, usigeuke kurudi nyuma kumtafuta mwenzako. Endeleeni na mkondo, toka pembeni pole pole, mtakutana hemani. Tarehe 24 Septemba 2015 mikondo miwili ya watu ilikutana mahali njia 204 na 223 zinapounganika, na mahujaji wengi sana walikufa siku ile.

Tuseme wazi pia juu ya wale wanaouziwa safari ya hija bila kibali. Mwaka 2024 joto lilipita digrii 50, na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301. Kati ya kila 100 waliokufa, 83 hawakuwa na kibali. Asiye na kibali hana hema, hana kadi, hana basi. Akipotea hana pa kurudishwa.

SALA YA ALIYEPOTEA

Kupotea hakuondoi sala. Usipokijua kibla, jitahidi kwa jua, kwa kuuliza, kwa kutazama msikiti ulipoelekea, kisha sali. Ikija kubainika kwa yakini kuwa ulikosea, katika madhehebu yetu ya Shafi utairudia. Wanazuoni wengine wanasema imetosha. Na msibebe kibla cha Butembo katika sanduku! Hapa tunaelekea kaskazini, tukiegemea kidogo mashariki. Dubai ni magharibi na kusini kidogo. Guangzhou ni magharibi na kaskazini kidogo.

Kupunguza na kukusanya ni ruhusa kwa aliye safarini. Lakini aliyefika mji akanuia kukaa siku nne kamili, pasipo kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, huyo kwetu anasali timamu hata kama amepotea katika mitaa yake.

HAKI YA IBNU SABIL

Katika Suratul Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu ametaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na mmoja wao ni ibnu sabil, mwana wa njia. Wanazuoni wamesema: hata akiwa tajiri kwao, madamu amekatikiwa huko aliko na safari yake si ya maasi, anapewa cha kumfikisha. Basi tajiri wa Butembo mwenye duka mbili, akiibiwa Kampala, asilale kwenye stendi kwa kuogopa kuitwa mwombaji. Aende kwa imamu aseme, "Mimi ni ibnu sabil." Neno hilo imamu yeyote analielewa, awe Mchina, Mhindi au Mganda. Aonyeshe fotokopi yake, aseme ukweli, asizidishe machozi. Na akiibiwa paspoti, kwanza polisi wamwandikie karatasi ya kupotea, kisha ubalozi wampe hati ya kurudia.

Sisi tunaobaki tuna sehemu yetu. Safari isiwe ya mtu mmoja, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watatu wakisafiri wamchague mmoja awe amiri wao, na amiri huyo ndiye anayejua kila mtu amelala wapi. Simu ikilia usiku, sauti ngeni ikisema, "Ndugu yenu amepotea, tumeni dolari 300," msitume na msikate. Ombeni kusema naye mwenyewe, mumuulize jambo ambalo mtu wa nyumbani tu ndiye anayelijua. Kubalianeni juu ya swali hilo kabla hajaondoka.

Na kuna safari ambayo hakuna anayeipanga. Mwezi wa Julai 2013, vita vilipofika Kamango, watu wapatao 66,000 walivuka kwenda Bundibugyo kwa siku chache, na kambi ikafunguliwa Bubukwanga. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya upande wa Beni yamewakimbiza wengine wengi. Katika mbio kama hizo mkono wa mtoto unaponyoka. Mtoto wa miaka minne akiulizwa na wageni baba yake ni nani, anajibu "papa". Mama ni nani? "Mama." Msalaba Mwekundu wana kazi ya kuwatafutia watu jamaa zao bila malipo, na wamewarudisha wengi, lakini wanaanzia kwenye jina. Fundisheni watoto, kuanzia wiki hii, jina lake lote, jina la baba na la mama, jina la mji na la mtaa, na jina la msikiti au shule iliyo karibu. Wafundisheni kama mnavyowafundisha Fatiha, kwa kurudia kila siku mpaka wayaseme usingizini.

Leo baada ya sala, wanafunzi wakubwa wa madrasa watakaa barazani kuwaandikia wasafiri karatasi ya mfukoni kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiarabu, bila malipo. Njooni na namba mbili za nyumbani, za mitandao miwili tofauti. Wanaokwenda China walete jina la hoteli lililoandikwa na Wachina wenyewe, maana hapa kwetu hakuna anayeweza kuliandika.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.